Tshibumba Kanda Matulu: mkono ulioandika historia juu ya gunia la unga

Juzi juzi hapa ku Makomeno, kijana mmoja anayefanya mabango kwa kompyuta alituonyesha herufi alizozipata mu intaneti. Ni herufi nene, nyeusi, zimekwaruzwa kila pembe, wino umekatika katikati, sawa vile zimechapwa kwa ubao wa zamani uliokwisha kuliwa na kazi. Alizipenda sana. Alitaka kuziweka juu ya bango la duka la mteja wake, ili lionekane ni kazi ya mkono, yenye umri. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi pale alicheka, akauliza kwa nini mtu atoe franga ili herufi mpya zionekane zimezeeka, wakati ku ukuta wa kinyozi pale ng'ambo ya barabara ziko za bure, zimezeeka zenyewe kwa jua na mvua.

Tukaangalia vizuri. Neno lilikuwa SALAMA. A iko mara tatu mu neno lile, na zile A tatu zote zilikuwa na mkwaruzo mmoja, fasi ileile, urefu uleule. Mtu anayeandika kwa mkono hawezi kufanya vile hata akitaka.

Herufi hizi zina ukoo wake. Zamani, ku Ulaya na Marekani, mabango makubwa ya mnada na ya sarakasi yalichapwa kwa herufi za mbao, sababu herufi kubwa za risasi ni nzito na ni ghali. Mu mwaka wa 1827, ku New York, Darius Wells akaanza kuzikata kwa mashini. Lakini mbao ni mbao: inagongwa, inapasuka, inapata makovu. Pale penye kovu wino haushiki, na karatasi inabaki na alama nyeupe. Leo mafundi wa herufi wanachukua karatasi zile za zamani, wanazipiga picha, wanageuza kila herufi kuwa kitu cha kompyuta, na wanakiuza. Wewe unanunua kovu la ubao uliofanya kazi miaka mingi kabla ya babu yako kuzaliwa, na unalibandika mara tatu mu neno moja.

Ku kwetu Lubumbashi, kazi ya herufi kubwa ilikuwa zaidi ya pinso. Na mtu aliyezipa herufi za pinso uzito kuliko wote mu mji huu ni yule ambaye wazee wengine bado wanakumbuka tablo zake mu salo za kambi: Tshibumba Kanda Matulu.

Alizaliwa mu 1947, wakati mji huu ungali unaitwa Élisabethville. Jamaa yake ilikuwa ya Waluba wa Kasai, sawa maelfu ya jamaa zingine ambazo shaba ilizileta huku. Union Minière ilikuwa imeanzishwa mu 1906, reli kutoka kusini ikafika mu 1910, na kisha hapo kampuni na reli zikaanza kutafuta mikono mbali, hata Kasai. Yeye ni mtoto wa mji ule: mji wa bomba la moshi, kilima cheusi cha takataka za shaba, kambi zilizopangwa mistari, na watu wa makabila mengi waliozoea kusemezana kwa Kiswahili.

Uhuru ulipofika alikuwa na miaka 13. Siku kumi na moja tu kisha uhuru, tarehe 11 Julai 1960, Katanga ikajitenga. Mu mwaka wa 1961 makumi ya maelfu ya Waluba wa Kasai walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, hapahapa mu mji. Kujitenga kukaisha Januari 1963. Mtoto aliyekomaa mu miaka ile hakuhitaji kitabu ili ajue kama historia inaweza kuingia ndani ya lupango bila kubisha hodi.

Na kuna jambo lingine la miaka ile ambalo watu wanalisahau: maandishi yalibadilishwa mara nyingi mno. Mu 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi. Mu 1967 Union Minière ikachukuliwa na serikali, kisha ikaja Gécamines. Mu 1971 inchi ikawa Zaire, Katanga ikawa Shaba, na mwaka uliofuata kila mtu akaamriwa kuacha jina la kikristo na kuchukua majina ya wazee wake. Hebu fikiri kazi ya pinso mu miaka ile! Kila ubao wa barabara, wa ofisi, wa masomo, ulipakwa upya. Chini ya jina jipya, ukikwaruza kidogo, la zamani lilikuwa lingali pale.

Mu miaka hiyo Tshibumba alikuwa kijana anayetafuta kuishi kwa rangi. Wachoraji wa namna yake hawakuwa na jumba la maonyesho. Walichora nyumbani, wakatia tablo chini ya mkono, wakatembea mlango kwa mlango. Mnunuzi alikuwa mfanyakazi wa mgodi, wa reli, karani, mwalimu: mtu mwenye mshahara mdogo na salo yenye kiti cha kukalisha wageni. Juu ya kiti kile njo pale tablo iliwekwa. Mgeni anaingia, anaketi, anainua macho, mazungumzo yanaanza. Watu waliita vitu hivi ukumbusho, na neno lile halikuwa la bure. Tablo haikuwa pambo tu. Ilikuwa ya kuamsha yale yaliyolala ndani ya mtu.

Kulikuwa na mambo ambayo kila mchoraji alijua kuyafanya, sababu watu waliyaomba. Mamba muntu, yule mwanamke wa maji mwenye mkia wa samaki, anayeleta utajiri na anayedai malipo. Misafara ya watumwa ya Waarabu. Na ile iliyoitwa Colonie Belge: wafungwa mu nguo za mistari ya njano na nyeusi, mmoja amelala chini anachapwa fimbo na askari mweusi, mzungu amesimama anaangalia, na bendera ya Ubelgiji juu. Wengi waliichora hiyo. Ukiona mbili kwa wachoraji wawili utadhani ni moja, mpaka uangalie mkono.

Kitambaa chenyewe kilikuwa gunia la unga, lile la pamba. Gunia la unga linatoka kiwandani na chapa yake: jina la kinu, kipimo cha kilo, alama ya kampuni. Mchoraji analipasua, analikaza juu ya vijiti, analipaka rangi ya kwanza ya kufunga matundu. Yaani kazi yake inaanza kwa kufunika maandishi ya mwingine. Kisha anapaka mbingu, udongo, watu. Mwishoni, rangi ikiisha kukauka, anachukua pinso ndogo na anaandika.

Herufi njo zilimtofautisha Tshibumba.

Kabla yake, mji huu ulikuwa umejulikana kwa uchoraji wa namna nyingine. Mu 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua fasi ya wachoraji iliyoitwa Hangar. Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga walitoka pale, na kazi zao ni nzuri ajabu: samaki, ndege, nyoka, majani. Bela alipaka kwa vidole vyake mwenyewe. Lakini tablo zile hazikuandikwa tarehe, wala jina la gavana, wala jina la aliyekufa. Zilinunuliwa zaidi na Wazungu, na hazikumtia mtu yeyote mu taabu.

Tshibumba aliandika. Chini ya picha, au juu, au ku ukuta wa nyumba iliyo ndani ya picha, aliweka jina la mtu, jina la fasi, mwaka. Aliandika Kifaransa, sababu Kifaransa ilikuwa luga ya ofisi, ya mahakama, ya kitabu cha masomo. Lakini ukimwomba aeleze, alieleza kwa Kiswahili cha hapa. Kifaransa kile si mara zote kile cha mwalimu. Herufi zenyewe ni za mkono unaojua kazi lakini hauna mtawala wa chuma: moja nene, ya pili nyembamba, pale pinso ilipoanza kukauka. Hakuna aliyezikwaruza ili zipendeze. Kama zimechakaa, ni sababu ya gunia, rangi ya bei ya chini, na mtu aliyepaswa kuuza kabla ya jioni.

Lakini tusidanganyike kwa uzuri wa umaskini ule. Yeye hakuandika vile ili aonekane mtu wa kienyeji. Aliandika vile ili tablo iwe shahidi. Picha bila jina inaweza kusemwa ni ndoto, au ni hadithi ya bibi. Ukitia tarehe, umeshikilia neno lako mbele ya watu. Tshibumba alijiona kuwa mwanahistoria, sawa wale wanaoandika vitabu ku chuo kikuu. Chombo tu kilitofautiana.

Chukua ile aliyoiita siku ya 30 Juni 1960, Zaire huru. Mu 1960 hakukuwa na inchi inayoitwa Zaire; jina lile lilikuja mu 1971. Mwalimu wa historia angetia mstari mwekundu pale. Mimi ninaona hapo mtu anayeishi mu 1973 au 1974, chini ya chama kimoja, akijua jina gani linaruhusiwa na jina gani linaweza kukupeleka fasi mbaya. Inaweza pia kuwa alitaka kusema inchi ni ileile, hata wakibadilisha ubao. Tablo inabeba mambo yote mawili, na herufi tano tu njo zinafanya kazi ile.

Mwishoni mwa 1973 alifika ku mlango wa mnunuzi mpya. Johannes Fabian, Mjerumani, alikuwa mwalimu wa anthropolojia ku chuo kikuu cha Lubumbashi. Yeye pamoja na Ilona Szombati-Fabian walikuwa wakitafuta tablo za watu wa mji, wakiuliza nani anazifanya na nani anazinunua. Wengi walifika ku mlango ule na mamba muntu mkononi. Tshibumba naye alikuja na tablo zake kuuza. Lakini walipoanza kuzungumza, alitoa jambo alilokuwa amelibeba muda mrefu: alitaka kuchora historia yote ya inchi, toka mwanzo mpaka leo, si tablo mojamoja za salo.

Kwa mtu anayeuza ili ale, kazi ile haikuwezekana bila mnunuzi wa kudumu. Fabian alikubali kununua. Tshibumba akaanza. Alikuja na fungu la tablo, wakaziweka moja moja, akaeleza kila moja kwa Kiswahili, na mashini ya kurekodi ikazunguka. Wakati mwingine Fabian aliuliza jambo, Tshibumba akarudi nyuma, akasahihisha, akaongeza. Kisha alienda kuchora zingine. Hivyo mpaka mu 1974, tablo zikafika mia na moja.

Mia na moja! Na si vitu vidogo vya mchezo. Zinaanza na wafalme wa zamani na kufika kwa Diogo Cão, yule Mreno aliyetia nanga ku mdomo wa mto Kongo mu 1482. Zinapita kwa Livingstone na Tippo Tip, kwa Stanley, kwa kifo cha Msiri ku Bunkeya mu 1891, kwa Simon Kimbangu, kwa mgodi na gereza. Zinaingia uhuru, Lumumba, kujitenga kwa Katanga, vita, Mobutu. Kisha hazisimami pale. Mchoraji akathubutu hata kuchora wakati ambao ulikuwa haujafika.

Mbili mu zile mia na moja zinamgusa mtu wa hapa kuliko zingine.

Ya kwanza ni ile ya mgomo wa 1941. Wakati wa vita ya pili, kazi ya shaba iliongezwa, bei za vitu zikapanda, mshahara ukabaki chini. Wafanyakazi wa Union Minière wakagoma. Tarehe 9 Desemba 1941, ku uwanja wa mpira hapa mu mji, askari wa koloni wakafyatua risasi mbele ya gavana Maron, na makumi ya watu wakafa. Tshibumba alikuwa hajazaliwa bado. Aliyapata mambo haya sawa vile wengi wetu tuliyapata, mu midomo ya wazee wakati wa jioni, kwa sauti ya chini. Serikali ya koloni haikuweka jiwe la kumbukumbu pale na vitabu vya masomo havikuwa na ukurasa wake. Yeye alichukua gunia la unga, akachora, akaandika ni nini na ni wapi. Kwa mzee aliyepoteza ndugu siku ile, ile ilikuwa mara ya kwanza aone jambo lake limeandikwa kwa herufi kubwa.

Ya pili ni kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito. Sote tunajua ilikuwa tarehe 17 Januari 1961, na tunajua njia ya Shilatembo. Wachoraji wengi walimchora Lumumba. Tshibumba alimchora sawa Yesu wa inchi hii: watu watatu wamelala, na nyuma misalaba mitatu mbali juu ya kilima. Lumumba ana kidonda mu ubavu. Damu inatoka pale, inashuka ku udongo, na mu maelezo yake mchoraji alisema kama damu ile iliandika neno ku ardhi: umoja, kwa Kifaransa.

Tuseme ukweli, hakuna mtu aliyeona damu ikiandika. Tshibumba alijua vile. Lakini angalia alichofanya huyu mtu wa herufi. Mu tablo zingine zote, yeye njo anaandika, kutoka nje, kwa pinso. Hapa anaachia marehemu aandike mwenyewe. Na neno alilochagua, ku mji ambao ulikuwa umejitenga miaka miwili na nusu na ambamo jamaa za Kasai ziliona mengi, si neno la kutamkwa ovyo. Wengine wangelisoma kuwa ni wito wa chama cha Mobutu. Wengine wangelisoma kuwa ni hukumu juu ya wale waliomleta Lumumba huku afe. Herufi hazina sauti. Kila mmoja anazisoma kwa sauti yake, na njo maana tablo iliweza kuning'inia mu salo bila mwenye nyumba kuitwa na polisi.

Mu Juni 2022, jino la Lumumba liliporudishwa kutoka Ubelgiji, msafara ulipita pia Shilatembo. Jino moja tu ndilo lililobaki ku mwili ule. Mu miaka zaidi ya sitini, mtu wa kawaida wa mji huu aliyetaka kuona kifo kile kwa macho alikuwa na nini? Alikuwa na tablo za wachoraji, na ya Tshibumba mbele yao.

Mwishoni mwa 1974 Fabian aliondoka Zaire. Wakati uleule maisha yakaanza kuwa magumu. Mali za wageni zilikuwa zimechukuliwa toka Novemba 1973, maduka yakabaki matupu. Bei ya shaba ku soko la dunia ikaanguka. Mshahara wa mfanyakazi haukutosha tena kununua unga, nani atanunua tablo? Mu 1977 na 1978 vita vya Shaba vikafika, Kolwezi ikaumia. Tshibumba aliendelea kuchora. Wazungu wachache wengine, madaktari na walimu, walinunua kazi zake, na kwa bahati hiyo tablo zingine zimebaki mpaka leo. Lakini ile salo ya mfanyakazi, ambayo ilikuwa kanisa la kazi yake, ilikuwa inafungwa polepole.

Karibu na mwaka wa 1981 habari zake zinakatika. Hakuna barua tena, hakuna tablo mpya, hakuna kaburi linalojulikana. Alikuwa na miaka thelathini na kitu. Wale waliomtafuta kisha hapo hawakumpata, na leo anahesabiwa kati ya wafu. Mtu aliyeandika tarehe chini ya kila kifo, chake mwenyewe hakina tarehe.

Kitabu cha Fabian juu ya zile tablo kilitoka Marekani mu 1996, miaka ishirini na zaidi kisha mazungumzo yao. Mu mwaka wa 2000 tablo zenyewe zikaingia Tropenmuseum, ku Amsterdam. Mu 2016 kazi zake zilionekana Brussels, mu maonyesho ya uchoraji wa watu wa Kongo ambayo Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, alikuwa mmoja wa waliyoyatengeneza. Mu 2017 zikaonyeshwa ku documenta, yale maonyesho makubwa ya Wajerumani. Watu wa mbali wanasimama mbele ya gunia la unga la Shaba, wanasoma zile herufi, wanaenda kuandika vitabu juu yake.

Je, tulie kwa sababu ziko Amsterdam? Mimi ninaona jambo lina pande mbili. Zingebaki mu salo za kambi, mingi zingekuwa zimeliwa na mchwa, au zimeuzwa wakati wa njaa, au zimechomwa wakati wa fujo ya miaka ya 1992 na 1993 watu wa Kasai walipofukuzwa tena huku. Lakini pia ni kweli kwamba mtoto wa Makomeno anayetaka kuiona tablo ya 9 Desemba 1941 kwa macho yake anahitaji viza. Historia ile iliandikwa ili isomwe na mgeni anayeketi ku kiti cha salo, hapa.

Kitu kimoja kilirudi. Yale mazungumzo ya Kiswahili, pamoja na tafsiri, yamewekwa mu intaneti, mu hazina ya maandishi ya Kiswahili cha watu. Mwenye simu anaweza kuyasoma bila malipo. Ni Kiswahili cha hapa kabisa, kile kinachochekwa na watu wa Dar es Salaam, na Kifaransa kinaingia kinatoka sawa vile tunavyosema mu basi. Hapohapo utakuta pia ule mkanda unaoitwa Vocabulaire de la ville d'Élisabethville, wa André Yav, ulioandikwa mu 1965 kwa ajili ya wale waliofanya kazi ya boi mu nyumba za Wazungu. Huo uliandikwa kwa mashini na kutolewa kwa nakala, kazi ya watu wasiokuwa na kiwanda cha kuchapa. Ukitafuta herufi zilizochakaa za kweli za mji huu, anzia kwa hao wawili.

Kijana wetu wa mabango tulimwonyesha tablo za Tshibumba mu simu. Alizikuza kwa vidole, akaangalia herufi muda mrefu, akauliza kama kuna mtu aliyezigeuza kuwa herufi za kompyuta. Tukamwambia hatujui. Alisema angejaribu mwenyewe, lakini kwanza angehitaji A ngapi? Sababu kila moja ni tofauti, na hakujua aichague ipi.

Mteja wake hakuwa na subira. Bango lilitolewa na zile herufi za kununua, limefungwa kwa waya juu ya mlango wa duka. Ukipita pale, SALAMA ina A tatu, na zote tatu zimekwaruzwa fasi moja. Ku ukuta wa kinyozi ng'ambo ya barabara, mvua ya msimu huu imeondoa nusu ya jina, na juzi tuliona amepanda juu ya kiti na kopo ya rangi nyekundu, anaandika tena.